Gome Lililopimwa, Mgonjwa Asiyepimwa: Kinkina ya Bukavu na Dawa za Moyo

Miji mingi ya Afrika hupokea dawa ikiwa imeshakuwa kidonge, imefungwa boksi na kuandikwa lugha ya kigeni. Bukavu, mji wa Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, haikuwa hivyo. Hapa dawa iliota mlimani, ikabanduliwa kwa mikono, ikasagwa, ikatoka kiwandani ikiwa unga mweupe mchungu, na familia nyingi za Kabare, Walungu na Kalehe zikala kwa mshahara wake. Mti huo ni mkwinini, ambao wengi huku wanauita kinkina, na sifa yake kubwa ni kutibu malaria. Lakini gome hilohilo ndimo inamotoka kwinidini, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa kutumika kurekebisha mapigo ya moyo. Dawa hiyo iliwafundisha madaktari wa dunia, tena kwa gharama ya maisha ya watu, kwamba kinachotuliza moyo kinaweza pia kuusimamisha. Historia hizi mbili, ya gome na ya moyo, husimuliwa mbalimbali. Zikiwekwa pamoja zinatoa hoja moja: usalama wa dawa hufuata palipo na mtu anayelipia kipimo. Gome la Kivu lilipimwa kwa makini kwa sababu lilikuwa na bei. Mgonjwa hakuwa na mnunuzi, kwa hiyo akachelewa kupimwa, na mgonjwa wa moyo wa Bukavu leo bado anabeba gharama ya ucheleweshaji huo.

Mti wenyewe ni mgeni. Asili yake ni miteremko ya Andes, na Ulaya ililijua gome lake katika karne ya 17. Mwaka 1820 wanakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini kutoka ndani yake, na tangu hapo biashara ikageuka kuwa mbio za kutafuta mti wenye kwinini nyingi zaidi. Mwaka 1865 Waholanzi walinunua mbegu za Charles Ledger, zilizokusanywa Bolivia na msaidizi wake Manuel Incra Mamani, wakazipanda Java. Kufikia miaka ya 1930 kisiwa hicho peke yake kilitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Wabelgiji hawakutaka kutegemea Java milele. Walianza kupanda mkwinini katika milima ya Kivu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu, kilichokuwa chini ya taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC iliyoundwa mwaka 1933, kikawa mahali pa kujaribu mimea ya nyanda za juu. Ujerumani ilipoiteka Amsterdam, kitovu cha biashara ya kwinini, mwaka 1940, kisha Japani ikaichukua Java mwezi Machi 1942, majeshi ya Washirika yalijikuta yanapigana katika nchi za malaria bila ghala la kwinini. Milima iliyozunguka mji ambao wakati huo uliitwa Costermansville ikapata thamani ambayo haikuwahi kuwa nayo. Thamani hiyo haikuwafikia wote kwa usawa. Ardhi ya Kivu ilikuwa imeanza kugawiwa walowezi na makampuni kupitia Comité National du Kivu, chombo kilichoundwa mwaka 1928, na wengi waliobandua gome walifanya hivyo juu ya vilima vilivyokuwa vya babu zao.

Ukiitazama kazi yenyewe kwa karibu, utaona kipimo kinavyoingia kila hatua. Mti huachwa miaka saba, kumi, au zaidi. Siku ya kuvuna, mkataji huligonga shina kwa nyundo ya mti mpaka gome lilegee, halafu hulibandua vipande virefu ambavyo hujikunja vikikauka. Gome la shina, la matawi na la mizizi hayalingani nguvu, hivyo hutenganishwa. Aina za mti nazo hazilingani: ule wenye gome jekundu ni mgumu na hustahimili, lakini kwinini yake ni kidogo, ule uliotokana na mbegu za Ledger ni tajiri wa kwinini lakini ni dhaifu shambani, ndiyo maana wakulima hupandikiza kikonyo cha huu juu ya shina la ule. Kiwandani gome husagwa, huchanganywa na chokaa ili alkaloidi ziachilie, huoshwa kwa toluini ya moto, kisha asidi ya salfuri huzivuta alkaloidi ziingie majini. Maji hayo yakisawazishwa na kupoa, salfeti ya kwinini huganda fuwele nyembamba kama sindano. Mizigo miwili inayofanana kwa rangi na harufu inaweza kutofautiana mara kadhaa kwa kiasi cha kwinini kilichomo. Kwa hiyo hakuna mnunuzi aliyekubali kununua kwa macho: unyevu ulipimwa, asilimia ya alkaloidi ikapimwa, ndipo bei ikatajwa. Kiwanda cha Pharmakina, kilichokuwa kwa miaka mingi chini ya kampuni ya Ujerumani ya Boehringer Mannheim, kilisimama juu ya utaratibu huo. Roche ilipoinunua Boehringer Mannheim mwaka 1998 haikutaka kuendelea na Bukavu, na mwaka 1999, vita vikiwa vimepamba moto, mameneja wawili waliokuwa pale walikinunua. Kilibaki kuwa mmoja wa waajiri wakubwa wa mji, na mwaka 2005 kikaanza kutoa hata vidonge vya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI kwa jina la Afri-Vir.

Sasa tuufuate moyo. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja wa Kiholanzi alimwendea daktari Karel Wenckebach akilalamikia mapigo yaliyokuwa yanakwenda ovyo. Daktari alimwambia hana la kumfanyia. Mgonjwa akajibu kwamba yeye mwenyewe anajua la kufanya: akimeza gramu moja ya kwinini mapigo yanarudi sawa. Kesho yake alirudi, na mapigo yalikuwa yametulia. Wenckebach alikuwa mwungwana wa kutosha kuliandika jambo hilo mwaka 1914, na mwaka 1918 Walter Frey akalinganisha alkaloidi za gome na kukuta kwinidini ndiyo yenye nguvu kuliko zote dhidi ya mapigo ovyo. Kwinini na kwinidini zina atomi zilezile, idadi ileile. Zinatofautiana kwa mpangilio tu. Kwa kuwa kwinidini ni haba ndani ya gome, viwanda vilijifunza kuigeuza kwinini kuwa kwinidini, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 moyo ukawa mteja mkubwa wa mkwinini pamoja na malaria na vinywaji vichungu. Ndiyo kusema kwamba hata chloroquine ya viwandani ilipoipokonya kwinini soko la malaria baada ya Vita vya Pili vya Dunia, gome la mahali kama Kivu liliendelea kuwa na kazi katika vifua vya watu wa Ulaya na Marekani.

Wagonjwa hao walianza kuzimia. Walipewa kwinidini kwa kipimo kilichoandikwa vitabuni, wakaanguka, wengine wasiamke, na kwa muda mrefu lawama iliangukia ugonjwa. Mwaka 1964 Selzer na Wray walionyesha kwa michoro ya umeme wa moyo kwamba mzimio ulitokana na dawa: vyumba vya chini vya moyo viliingia katika mtetemo, mara nyingi katika siku za mwanzo za matibabu, tena kwa dozi ya kawaida. Miaka miwili baadaye Mfaransa Dessertenne aliueleza mtetemo wa aina hiyo unaotokea pale moyo unapochelewa kujikusanya baada ya kila pigo. Mwaka 1978 likagunduliwa jambo jingine: mgonjwa anayetumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, akiongezewa kwinidini, digoksini katika damu yake hupanda takriban mara mbili, bila mtu kumwongezea hata kidonge kimoja. Na mwaka 1990 majaribio sita yalipojumlishwa pamoja, waliokufa katika kundi la kwinidini walikuwa asilimia 2.9, katika kundi lisiloitumia asilimia 0.8, ingawa kwinidini ilikuwa imefaulu kuyaweka mapigo sawa. Hapo ndipo somo lilipo. Kidonge kilikuwa safi. Kiwango chake kilikuwa sahihi. Gome lilipimwa, unga ukapimwa, lakini swali la nani anameza, na pamoja na nini, lilichelewa zaidi ya miaka 40 tangu Frey.

Mtu anaweza kupinga akisema: kwinini imeokoa watu wasiohesabika katika milima hii, na hakuna muuguzi wa zahanati aliyewahi kuwapima umeme wa moyo kwanza, mbona tunaitafutia makosa? Pingamizi hilo lina ukweli. Mtu mwenye malaria kali anaweza kufa leo usiku, na hatari ndogo ya dawa haiwezi kulinganishwa na hatari hiyo. Lakini mizani hiyo ni ya ugonjwa wa siku saba. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo wa kudumu atameza dawa miaka 10 au 20, na katika miaka hiyo atapata malaria, atapata kifua kikuu labda, atapewa dawa za fangasi, atabadilisha famasi mara nyingi. Hatari ambayo kwa siku saba ni ndogo, kwa miaka 20 hukutana na kila dawa nyingine njiani. Isitoshe, hata kwa malaria sifa ya kwinini haikuikinga na ulinganisho. Mwaka 2010 matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwemo, yalionyesha vifo asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunate na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Kwinini hushusha sukari ya damu, na ikidungwa mshipani kwa haraka hushusha presha na kuuvuruga moyo. Sifa iliyodumu karne tatu ilibidi ipishe takwimu, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Mti uliobeba uchumi wa mji ulipata hasara, na hata hivyo uamuzi ulikuwa wa haki.

Wengine hupinga kutoka upande ulio kinyume. Husema tatizo ni kiwanda: babu zetu walichemsha majani na magome bila mizani yoyote, na mtu aliye na moyo mgonjwa afadhali arudi huko kuliko kumeza kemikali. Historia ya kinkina yenyewe ndiyo inayowajibu. Kwanza, dawa ya kwinidini ilikuwa ndani ya mti tangu zamani; kiwanda hakikuitia sumu, kiliitenga tu. Pili, gome lililochemshwa lina alkaloidi nyingi kwa pamoja, na kiasi chake kinategemea aina ya mti, umri wake na sehemu iliyobanduliwa. Anayekunywa kikombe cha leo hawezi kujua kama kinalingana na cha jana, na masikio yakianza kuvuma na macho kufifia, ambazo ni dalili za zamani za kuzidisha kinkina, kipimo kimekwisha kupita. Hata hivyo wapinzani hao wana sababu ya kutoamini boksi. Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, kaskazini-mashariki mwa Kongo, zaidi ya watu 900 walipatwa na mikakamao ya shingo, uso na ulimi baada ya kumeza vidonge vilivyouzwa kama diazepam, kumbe ndani yake mlikuwa na haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili. Tukio hilo linathibitisha hoja ileile kwa njia nyingine: gome la Kivu lililokuwa linasafirishwa kwenda nje lilikaguliwa kwa kila mzigo, wakati kidonge kinachoingia Kongo kutoka nje kilipita bila jicho la mtu.

Tukilitumia somo hili kwa mgonjwa wa leo, mfano mzuri ni anjina tulivu, yaani kifua kinachobana mtu akipanda mlima wa Kadutu, mjini Bukavu, na kuachia akipumzika, mwezi hadi mwezi bila kubadilika sana. Dawa zake zinajulikana. Nitrogliserini chini ya ulimi, ambayo William Murrell aliieleza mwaka 1879, hutuliza maumivu yakishafika. Huwekwa mtu akiwa ameketi maana hushusha presha, na haichanganywi kabisa na sildenafil inayouzwa kwa ajili ya nguvu za kiume. Vizuia-beta kama atenololi hupunguza mbio za moyo, na haviachwi ghafla kwa sababu boksi limekwisha. Halafu kuna dawa mpya zaidi, ranolazini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, ambayo mgonjwa wa Bukavu anaweza kuandikiwa Nairobi, Kampala au India na kurudi nayo ndani ya mkoba. Haikatizi maumivu yaliyokwisha kuanza. Humezwa kila siku, mara mbili, kidonge kizima bila kutafunwa wala kupondwa, ili maumivu yasije mara kwa mara. Na historia yake inafanana na ya kwinidini kwa namna ya kushangaza. Nayo huchelewesha moyo kujikusanya baada ya pigo. Nayo hupandisha digoksini. Haipewi mwenye ini lililosinyaa kwa sirosisi. Ketoconazole ya fangasi, clarithromycin ya maambukizi na ritonavir ya virusi vya UKIMWI huifanya ijae mwilini kupita kiasi, na rifampicin ya kifua kikuu hufanya kinyume: huifuta karibu yote, maumivu yakarudi na mtu akadhani amepewa dawa bandia. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba haina dawa hata moja iliyo ngeni Kivu Kusini. Ongezea kwinini yenyewe, ambayo bado hutolewa, na ambayo pia huugusa umeme wa moyo, na utaona jinsi mgonjwa huyu anavyoweza kuumizwa na watu watatu tofauti ambao kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa.

Linabaki pingamizi zito kuliko yote: kwamba haya ni maneno ya nchi tajiri. Mashine ya elektrokadiogramu inapatikana katika hospitali kubwa za mji, lakini zahanati za milimani hazina. Wataalamu wa moyo ni wachache. Mji umepita katika vita vya 1996 na 1998, na Februari 2025 uliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Nani atazungumzia michoro ya umeme wa moyo wakati barabara zenyewe hazina uhakika? Jibu limo ndani ya historia tuliyoipitia. Mengi yaliyowaua wagonjwa wa kwinidini yangeweza kujulikana kwa kuuliza na kulinganisha, kabla hata ya kuhitaji kifaa kikubwa. Mfanyabiashara wa Wenckebach aligundua dawa kwa kugusa mapigo yake na kukumbuka alichomeza. Mgongano wa digoksini na kwinidini ungeonekana mapema zaidi kama mtu angeuliza ni lini dawa ya pili iliongezwa na ni lini kichefuchefu kilianza. Kuuliza si ujinga, na maswali yanayomlinda mgonjwa wa anjina hayazidi matano: unameza nini kingine, pamoja na mitishamba, umewahi kuzimia, au kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, una ugonjwa wa ini au figo, mapigo yako kwa dakika ni mangapi, na maumivu yako yamebadilika, yanakuja hata ukiwa umekaa? Jibu la ndiyo kwa swali la mwisho humtoa mgonjwa katika anjina tulivu na kumpeleka hospitali siku hiyohiyo. Mashine inahitajika kabla ya kuanza dawa kama ranolazini, na safari moja ya kwenda mjini kwa kazi hiyo inastahili nauli yake. Lakini zahanati isiyo na mashine haina sababu ya kutouliza.

Shida kubwa, basi, ni ileile iliyokuwapo tangu enzi za kiwanda: nani analipia kipimo. Muuza dawa hapati faranga zaidi kwa kumwambia mteja asinunue. Muuguzi hapandishwi cheo kwa kuandika alichokuwa anameza mgonjwa mwezi uliopita. Kongo iliunda mamlaka yake ya kudhibiti dawa, ACOREP, mwaka 2020, na kazi yake ya kwanza ni kuhakikisha kilicho ndani ya boksi ndicho kilichoandikwa juu yake. Hiyo ni nusu ya kazi, ile nusu ambayo kinkina iliifanya vizuri. Nusu ya pili inahitaji mnunuzi mwenye sauti, na Bukavu inaye: mituele za afya, vyama vya kusaidiana matibabu ambavyo familia za mji huchangia kila mwaka na ambavyo hulipa bili za hospitali na vituo vya afya. Mituele ikikataa kulipia dawa ya moyo ya kudumu mpaka ione kadi yenye orodha ya dawa zote za mgonjwa, mapigo yake na tarehe ya kila mabadiliko, kituo cha afya kitaijaza kadi hiyo kwa bidii ileile ambayo karani wa kiwanda alijaza daftari la alkaloidi, na kwa sababu ileile: bila hiyo hakuna malipo. Watu wa Kivu hawakupima gome kwa kuwa walikuwa na mashine kuliko wengine. Walipima kwa kuwa asiyepima hakulipwa, na hilo ni sharti ambalo wachangiaji wa mituele wanaweza kuliweka katika mkutano wao mkuu ujao.